Mayogi wa Nath: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Pengine umeona picha ya mtawa wa Kihindi mwenye vipuli vikubwa vilivyopita katikati ya sikio. Pengine umesikia habari za mwanasiasa wa India anayevaa rangi ya zafarani na kuitwa Yogi, au umeambiwa darasani kwamba mkao fulani wa yoga una jina la mtu aliyemezwa na samaki. Njia zote hizo hufika kwa watu walewale, na majibu yaliyo hapa chini yanawahusu wao.

Wanath ni akina nani?

Ni tarika ya watawa wa Kihindu wanaomfuata mungu Shiva na kuishika yoga kama njia ya kuushinda mwili na mauti. Utawakuta kaskazini mwa India, Nepal, Rajasthan, Gujarat, Maharashtra, hadi Mangalore kule kusini. Kila anayeingia hupewa jina jipya linaloishia na -nath, yaani bwana, ndiyo maana orodha ya wakuu wao husomeka kama ya ukoo mmoja ingawa wametoka matabaka tofauti kabisa. Watu wa nje huwaita Kanphata, waliopasuliwa masikio. Jina hilo limezoeleka hata vitabuni, lakini lina kejeli ndani yake. Wao hujiita Yogi, Nath au Darshani.

Neno mtawa lisikupeleke moja kwa moja kwenye picha ya mtu aliyejificha pangoni. Historia ya Wanath imejaa wafalme, mashamba, ugomvi wa urithi na kura. Waliokaa pangoni wapo, ila si wao walioifanya tarika idumu.

Nani aliianzisha?

Mnath atakujibu bila kusita: Shiva mwenyewe, ambaye wao humwita Adinath, Bwana wa Kwanza. Siku moja Shiva alikuwa akimfundisha mkewe Parvati siri za yoga mahali pa faragha baharini. Parvati akapitiwa na usingizi, lakini ndani ya tumbo la samaki mmoja mlikuwa na mtu aliyemezwa, naye akalisikiliza darasa lote. Huyo ndiye Matsyendranath, Bwana wa Samaki, mwalimu wa kwanza wa kibinadamu.

Nje ya hadithi, kuna alama za kuaminika. Mwanafalsafa Abhinavagupta, aliyeandika huko Kashmir karibu na mwaka 1000, anamtolea heshima mwalimu aitwaye Macchanda, namna nyingine ya jina Matsyendra, kwa hiyo mtu huyo au sifa zake zilikuwapo kabla ya hapo. Mafundisho yanayohusishwa naye ni ya tantra, yenye miungu wa kike wengi na ibada za siri.

Mwanafunzi wake Gorakhnath ndiye mwenye jina kubwa zaidi. Inasimuliwa kwamba Matsyendranath alimpa mwanamke asiye na mtoto majivu matakatifu ayale. Mama yule akaona aibu, akayatupa kwenye jaa la samadi. Baada ya miaka 12 mwalimu akarudi kumuulizia mtoto. Jaa likafukuliwa, akatoka kijana wa miaka 12. Wataalamu wengi humweka Gorakhnath katika karne ya 11 au 12. Punjab wanamdai, Bengal wanamdai, Nepal wanamdai. Muundo wa tarika yenye matawi 12 unaonekana wazi katika maandishi karne kadhaa baada yake, hivyo kusema kwamba yeye peke yake aliiunda kama tunavyoiona leo ni kumbebesha kazi ya watu wengi.

Ni kweli Gorakhnath alimwokoa mwalimu wake kutoka nchi ya wanawake?

Ndivyo hadithi isemavyo, na kwa maoni yangu ndiyo hadithi tamu kuliko zote walizo nazo. Matsyendranath aliingia katika ufalme uliotawaliwa na wanawake, ambao masimulizi mengi huuweka upande wa Assam. Akawa mume wa malkia, akazaa naye mtoto, akaisahau yoga yake yote. Nguvu zikaanza kumtoka na kifo kikamkaribia. Kwa kuwa mwanamume hakuruhusiwa kuingia, Gorakhnath alijigeuza mchezaji wa kike, akapenya hadi mbele ya kiti cha enzi na kupiga ngoma. Ngoma ikatamka yenyewe: amka, Machhindar, Gorakh amefika! Mzee akazinduka.

Wanahistoria huisoma hadithi hii kama kumbukumbu ya mageuzi. Mwalimu anasimamia tantra ya zamani, ambamo tendo la ndoa lilikuwa sehemu ya ibada. Mwanafunzi anasimamia useja mkali. Si kawaida kwa tarika yoyote kusimulia hadharani kwamba mwasisi wake alipotea na kuokolewa na kijana wake mwenyewe, lakini Wanath huisimulia na kuiimba bila haya.

Mtu anaingiaje?

Kwa hatua, na hatua moja na nyingine zinaweza kuwa na walimu tofauti. Kwanza guru, yaani mwalimu wa kiroho, hukata kishungi cha nywele cha mgeni. Kisha mgeni huvishwa uzi wa sufu nyeusi unaoning'inia kifilimbi kidogo kiitwacho nad, ambacho kwa desturi huchongwa kwa pembe, pamoja na pete na punje ya rudraksha, mbegu takatifu ya Shiva. Nad hupulizwa mbele ya guru, wakati wa ibada za asubuhi na jioni, na kabla ya kula. Katika hatua hii mtu huitwa aughar. Wapo wanaobaki aughar maisha yao yote, ingawa hadhi yao iko chini kidogo. Wengine huendelea hadi kwenye kisu.

Kwa nini wanapasua masikio, na inafanyikaje?

Tuelewane kwanza kuhusu mahali. Si ndewe, pale bibi zetu walipotoboa na kupanua. Kinachopasuliwa ni gegedu, ile sehemu ngumu katikati ya sikio, na uwazi wake ni mkubwa kiasi cha kupitisha bangili nene. Mwalimu aliyekabidhiwa kazi hiyo, chira guru, hutumia kisu chenye makali pande mbili huku akisoma mantra, maneno matakatifu. Baada ya hapo kijiti cha mwarobaini (ndiyo, mti uleule tunaouchemsha sisi kwa homa) huwekwa katika jeraha ili lisifunge, na yogi hukaa faraghani hadi apone. Ndipo huvaa vipuli: vya udongo, vya pembe, vya kioo, vya akiki, na kwa wakuu wenye mali hata vya dhahabu.

Maelezo yao wenyewe ni kwamba mshipa wa siri wa mwili wa yoga unapita pale, na kuukata humfungulia mtu nguvu za yoga. Shiva naye huchorwa akiwa na vipuli. Mimi naona kuna sababu nyingine wasiyoitaja sana: nguo ya zafarani inaweza kuazimwa, majivu yanaweza kupakwa na tapeli yeyote sokoni, lakini sikio lililopasuliwa halirudi. Zamani yogi ambaye sikio lake lilichanika hadi kipuli kikaanguka alihesabiwa kuwa amekwisha. Hakuwa tena na nafasi miongoni mwa wenzake.

Punjab wana hadithi ya mapenzi juu ya jambo hili. Kijana Ranjha, baada ya mpenzi wake Heer kuozwa kwingine, alipanda kilima cha Tilla Jogian, kituo kikuu cha Wanath ambacho leo kiko Pakistan, akaomba apasuliwe masikio. Alichotaka hasa ni kuingia katika kijiji cha Heer akiwa amevaa uyogi. Hadithi hiyo huimbwa hadi leo na Waislamu, Masingasinga na Wahindu, na kilima chenyewe kilibaki bila mayogi baada ya India na Pakistan kugawanyika mwaka 1947.

Wanaamini nini kuhusu mwili?

Mwili kwao ni ulimwengu mzima uliokunjwa. Ndani yake mna mishipa isiyoonekana kwa macho, inayohesabiwa kwa desturi kuwa 72,000, na mitatu ndiyo mikuu: ida kushoto, pingala kulia, na sushumna katikati ya uti wa mgongo. Kichwani kuna mwezi unaodondosha maji ya uzima. Tumboni kuna jua, moto unaoyaunguza matone hayo yanaposhuka. Kuzeeka ni hesabu ya matone yaliyoungua.

Ukishaelewa hapo, mazoezi yao yote yanapata maana. Kuna kusimama kichwa chini miguu juu ili matone yasifike kwenye moto. Kuna kufunga koo kwa kidevu, kuvuta tumbo ndani na kubana msamba, ili pumzi isukumwe katika mshipa wa kati. Kuna khechari, ambapo ulimi hurefushwa kwa kukata taratibu utando ulio chini yake na kuuvuta, mpaka uweze kukunjwa nyuma ya kaakaa na kuyakinga matone yakiwa bado juu. Usijaribu nyumbani.

Mwisho wa safari ni mtu aliyekomboka angali hai, mwenye mwili usiooza. Ndiyo maana Gorakhnath kwao hajafa, anazunguka bado.

Yoga ninayofanya gym inatoka kwao?

Kwa sehemu, na kwa njia ndefu. Ule mkao wa kukaa na kujizungusha kiunoni ambao walimu huuita ardha matsyendrasana umebeba jina la Matsyendranath. Kitabu kilichoieneza zaidi hatha yoga, Hathapradipika cha Svatmarama, kiliandikwa katikati ya karne ya 15, na humo Matsyendra na Goraksha (ndiye Gorakhnath) wanatajwa miongoni mwa mabingwa wa kale. Lakini kinaeleza mikao 15 tu, na mingi kati yake ni ya kukaa. Msisitizo uko kwenye pumzi, kufunga mwili, na kusikiliza sauti ya ndani.

Utafiti wa miongo ya karibuni umeongeza jambo lililowashangaza wengi: andiko la kale zaidi linalojulikana kufundisha mbinu za aina hii, Amritasiddhi la karne ya 11, lilitoka katika mazingira ya Wabudha wa tantra. Kwa hiyo Wanath hawawezi kudai hati miliki. Walipokea, wakachanganya, wakaeneza. Ile mikao ya kusimama na kuruka inayofuatana kwa kasi, mpaka jasho linatiririka, ilikuzwa zaidi katika karne ya 20, hasa Mysore, kusini mwa India, chini ya mwalimu Krishnamacharya, ambaye hakuwa Mnath.

Basi wao wenyewe wanafanya yoga?

Wengi wao, si kama unavyofikiri. Watafiti waliokaa katika monasteri zao wamerudi na taarifa zinazofanana: siku hujaa ibada za hekaluni, kuutunza moto mtakatifu uitwao dhuni usizimike, kupokea wageni, kupika, kuzunguka kati ya kituo na kituo. Anayejipinda asubuhi ni mmoja mmoja. Ukimuuliza kwa nini anaitwa yogi, atakuonyesha masikio yake. Monasteri ya Gorakhpur, mji wa kaskazini mwa India wenye jina la Gorakhnath, imechora mikao ya yoga ukutani na kutoa vitabu juu yake, lakini sehemu kubwa ya hayo ni jitihada za karne ya 20 za kurudisha sifa iliyokuwa imehamia kwingine.

Je, wanaruka hewani?

Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikwenda India muda mfupi baadaye na kusimulia alichoona mbele ya Sultani Muhammad bin Tughluq huko Delhi. Jogi mmoja (ndiyo yogi kwa matamshi ya kienyeji), akiwa ameketi, aliinuka hewani juu ya vichwa vyao. Mwenzake akatoa kiatu mfukoni, akakipiga chini, kikapaa na kuanza kumpiga yule wa juu shingoni mpaka akashuka. Ibn Battuta alizimia, na sultani akaagiza apewe dawa. Hakutaja ni jogi wa tarika gani. Vitabu vya hatha yoga huahidi uwezo kama huo na mwingine mwingi, kisha huonya kwamba anayeng'ang'ania miujiza atapotea njia.

Wana muundo gani?

Wanajihesabu kuwa na panth 12, matawi ambayo kila moja hudai kutoka kwa mwanafunzi fulani wa Gorakhnath au wa Shiva. Orodha hizo hazifanani kila mahali, na matawi halisi ni zaidi ya 12. Chombo cha kuwaunganisha, Yogi Mahasabha, kiliundwa Haridwar mwanzoni mwa karne ya 20.

Monasteri zao ni za namna mbili. Kuna za watu binafsi, zilizojengwa juu ya sifa za mtakatifu mmoja, ambapo mkuu humteua mrithi wake na fedha hutoka kwa waumini wa kawaida. Na kuna za pamoja, mali ya tarika nzima, ambapo mkuu huchaguliwa na anaweza kuondolewa.

Mfano mzuri wa hizi za pamoja ni Kadri, Mangalore. Kila miaka 12, wakati wa Kumbh, mkusanyiko mkubwa wa mahujaji wa Kihindu, huko Nasik, mayogi humchagua raja wa Kadri. Kisha kundi kubwa huondoka Trimbak, karibu na Nasik, kwa miguu kuelekea kusini, safari ya miezi kadhaa, wakibeba chombo kitakatifu na kupokewa kijiji kwa kijiji, hadi wamfikishe raja mpya na kumsimika. Hukaa miaka 12, kisha huondoka. Katika hekalu la Kadri kuna sanamu ya shaba yenye maandishi ya mwaka 968, ya Lokeshvara, anayeheshimiwa na Wabudha. Msafiri wa Kiitaliano Pietro della Valle alipita hapo mwaka 1623 na kuonana na yule aliyeitwa mfalme wa Majogi, akamkuta katika hali ya kawaida tu, si ya fahari.

Watawa na wafalme wanahusianaje?

Hapa ndipo moyo wa jambo ulipo. Mfalme anahitaji baraka na habari za njiani. Yogi anazo zote mbili. Yogi anahitaji ardhi isiyotozwa kodi.

Nepal ni mfano wa kwanza. Mji wa Gorkha una jina la Gorakhnath, na kutoka hapo Prithvi Narayan Shah aliteka Bonde la Kathmandu mwaka 1768 na 1769, akaunda Nepal moja. Inasimuliwa kwamba akiwa mtoto alimpa Gorakhnath mtindi. Yogi akaunywa, akautapika katika viganja vya mtoto na kumwambia aumeze. Mtoto akaona kinyaa, mtindi ukamdondokea miguuni. Yogi akasema: ungeumeza, kila neno lako lingetimia, sasa utatawala kila ardhi utakayoikanyaga. Jina la Gorakhnath liliandikwa kwenye sarafu za ufalme huo.

Jodhpur ni mfano wa pili, na huo ulikwisha vibaya. Mwaka 1803 Man Singh alikuwa amezingirwa na jeshi la binamu yake katika ngome ya Jalore, akikaribia kusalimu amri. Yogi Dev Nath akamwambia asubiri siku chache. Binamu akafa ghafla, Man Singh akapata kiti cha enzi, na tangu siku hiyo Wanath walikuwa hawakatazwi kitu. Aliwajengea hekalu la Mahamandir lenye nguzo 84, idadi ileile ya mikao na ya mabingwa wa kale katika mapokeo yao. Akawapa vijiji na mapato. Akaagiza michoro mikubwa ya rangi na dhahabu ambayo sasa huonyeshwa katika makumbusho ya dunia. Makabaila wakachukia. Mwaka 1815 Dev Nath aliuawa ndani ya ngome ya Jodhpur. Waingereza walipoanza kuingilia kati ili kuwaondoa Wanath serikalini, mfalme aliacha jumba lake, akajipaka majivu, na akafa mwaka 1843 akiishi kama yogi.

Wamughal, wafalme Waislamu wa India, nao hawakukaa mbali. Monasteri ya Jakhbar huko Punjab ilihifadhi hati za ardhi kutoka kwa Akbar na waliomfuata. Miongoni mwake mna barua ya Aurangzeb, mtawala ambaye wengi humkumbuka kwa ukali wa dini, akimwandikia yogi Anand Nath kwa adabu na kumwomba zebaki iliyotayarishwa vizuri. Mayogi walisifika kwa kemia ya dawa.

Wana uhusiano gani na Uislamu?

Wa karibu kuliko siasa za leo zinavyopenda kukiri. Katika misemo ya Kihindi ya kale inayohusishwa na Gorakhnath kuna mmoja unaosema, kwa maana yake, kwamba kwa kuzaliwa ni Mhindu, kwa kukomaa ni yogi, na kwa akili ni pir, yaani sheikh mtakatifu, wa Kiislamu. Baadhi ya wakuu wa monasteri zao waliitwa pir. Ratannath, mtakatifu wa monasteri ya Caughera katika bonde la Dang, Nepal, huunganishwa na Haji Ratan mwenye kaburi Bhatinda, Punjab.

Upande wa pili nao ulisoma. Andiko la yoga lilifasiriwa kwa Kiarabu na kwa Kiajemi, na katika karne ya 16 Muhammad Ghawth wa Gwalior, sheikh wa tarika ya Kisufi ya Shattari, akalipanua katika kitabu chake Bahr al-Hayat. Mwanamfalme Salim, aliyekuja kuwa Jahangir, alikuwa na nakala yenye picha za mayogi katika mikao yao.

Na kulikuwa na majogi Waislamu kabisa, familia zilizozunguka na zeze la sarangi zikiimba hadithi za wafalme Gopichand na Bharthari walioacha enzi wakawa mayogi. Vijijini karibu na Gorakhpur waimbaji hao walikuwapo hadi miaka hii ya karibuni, ingawa vijana wengi wanaiacha kazi hiyo.

Yogi Adityanath ni mmoja wao?

Ndiye mkuu wao maarufu kuliko wote. Alizaliwa mwaka 1972, akaingia bungeni mwaka 1998, akawa mahant, yaani mkuu wa monasteri, wa Gorakhpur mwaka 2014 baada ya kifo cha guru wake Avaidyanath, na tangu Machi 2017 ni waziri mkuu wa jimbo la Uttar Pradesh, lenye watu zaidi ya milioni 200. Wengi nje ya India walimwona kama jambo jipya. Kwa kweli yeye ni wa tatu kwa mfululizo. Digvijaynath, mahant kuanzia 1935, alikuwa kiongozi wa Hindu Mahasabha, chama cha wazalendo wa Kihindu, na akashinda ubunge mwaka 1967. Avaidyanath alikuwa mbunge mara kadhaa na mmoja wa viongozi wakuu wa harakati za hekalu la Rama huko Ayodhya, zilizofikia kubomolewa kwa msikiti wa Babri tarehe 6 Desemba 1992. Monasteri hiyo pia ina shule, vyuo na hospitali, na huko ndiko kura nyingi zinakotoka.

Wanath wote si Gorakhpur. Kuna mayogi wa matawi mengine wasioipenda sauti hiyo, lakini hawana kipaza sauti.

Wanaoa? Na wanawake?

Aliyepasuliwa masikio na kuingia utawa anatakiwa kuwa mseja. Lakini kuna jamii nzima za watu wenye familia wanaoitwa Nath au Jogi na kujihesabu wa ukoo huo: wafumaji wa Bengal, waimbaji wa Rajasthan, na Wakalbelia waliokuwa wakicheza na nyoka mpaka sheria ya wanyamapori ya mwaka 1972 ikawabana. Ngoma na nyimbo za Wakalbelia ziliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2010. Watawa wa kike wapo, ila ni wachache sana, na tarika haijawahi kuwapa nafasi ya kuongoza vituo vikubwa.

Ni walewale wanaokaa makaburini, au wale wa Kumbh wasiovaa nguo?

Hapana. Wanaokaa kwenye viwanja vya kuchomea maiti ni Aghori, kundi dogo lenye kitovu chake Varanasi. Watawa walio uchi wanaoongoza maandamano ya kuoga Kumbh ni Naga, wengi wao wa tarika ya Dashanami wanaomhesabu mwanafalsafa Shankara kuwa mwasisi wao. Wanath huenda Kumbh wakiwa na kambi zao, lakini hawamo katika zile akhara 13, vikosi vya watawa vinavyotambuliwa rasmi huko.

Wanakula nini? Wanavuta bangi?

Gorakhpur hawali nyama. Kwingine, hasa panapoabudiwa Bhairava, sura kali ya Shiva, nyama na pombe vimekuwa sehemu ya sadaka. Bangi ipo, kama kwa watawa wengi wa Shiva.

Wanachomwa wakifa, kama Wahindu wengine?

Hapana, huzikwa wakiwa wameketi, miguu imekunjwa. Huhesabiwa kuwa wamo katika samadhi, tafakuri ya kina, na kaburi la mkuu huwa mahali pa ibada. Karibu kila monasteri yao ina safu ya makaburi hayo.

Kuna uhusiano wowote na pwani yetu?

Upo, kupitia Kutch, eneo la pwani ya Gujarat. Majahazi yaliyoleta wafanyabiashara wa Kihindi Zanzibar yalitoka kwa wingi Mandvi, na karibu na mji huo ndiko simulizi la Dharamnath lilikoanzia. Alikaa hapo katika tafakuri huku mwanafunzi wake akiomba chakula. Mji mzima ukamnyima. Mwanamke mmoja maskini ndiye aliyemsaidia. Dharamnath alipojua, akaulaani mji ukaangamia. Kisha akatubu. Akapanda kilima ili atumikie adhabu yake, kilima kikashindwa kubeba uzito wa dhambi. Cha pili hivyohivyo. Cha tatu, Dhinodhar, kikamudu. Hapo akasimama kwa kichwa miaka 12. Miungu wakamsihi aache. Akasema mahali atakapotazama kwanza pataungua, wakamwelekeza baharini, na bahari ikakauka kuwa ule uwanda mkubwa wa chumvi uitwao Rann. Mayogi wa Dhinodhar walijulikana kwa kumlisha kila mpita njia bila kuuliza dini wala tabaka, jambo linaloeleweka ukikumbuka kosa la ule mji. Hadithi hizi ni za nyumbani kwa mababu wa Wahindi wengi wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam.

Kiungo kingine ni cha bunduki. Katika vita vya Tanga, Novemba 1914, miongoni mwa askari wa Kashmir waliopigana hadi kuingia mjini walikuwamo Wagurkha, askari wenye asili ya Nepal, wenye jina linalorudi kwa yogi yuleyule.

Nikitaka kuwaona, niende wapi na lini?

Gorakhpur, katikati ya Januari, sikukuu ya Makar Sankranti. Maelfu kwa maelfu ya watu hupanga foleni tangu usiku kumtolea Gorakhnath mchele na dengu mbichi, kwa kumbukumbu ya bakuli lake la kuombea ambalo halikujaa kamwe. Soko la sikukuu huendelea kwa wiki kadhaa.

Devi Patan, hekalu la mungu wa kike karibu na mpaka wa Nepal, siku za Navaratri (sikukuu ya siku tisa) ya Machi au Aprili: mayogi wa Caughera huvuka mpaka kwa miguu wakimleta Ratannath, na kwa siku chache ibada ya hekalu huwa mikononi mwao.

Lalitpur, Nepal, kuanzia Aprili au Mei: gari refu la mbao la Rato Machhindranath, kama Matsyendranath anavyoitwa huko, huvutwa mitaani kwa kamba. Waabuduo ni Wabudha na Wahindu pamoja. Wabudha humwita Karunamaya. Inasemekana Gorakhnath aliwakalia nyoka wa mvua na kuleta ukame wa miaka 12, hadi mwalimu wake alipoletwa bondeni ikabidi asimame kumsalimu, nyoka wakatoka, mvua ikanyesha. Beba mwavuli.

Kadri itakubidi uisubiri Kumbh ya Nasik ya mwaka 2027, na kundi hufika Mangalore miezi kadhaa baadaye. Ukikutana na Mnath popote, salamu yao ni moja: Adesh. Naye atakujibu Adesh. Unaweza kuketi karibu na dhuni yake, ila vua viatu kwanza, na usitupe kitu chochote katika moto ule.